Seti Noma za Kando ya Nile

Wacha niseme hii maneno mapema ndio tuelewane. Ka we ni msee wa Nai na unapenda muziki ikipigwa laivu, mbele ya macho, hadi jasho ya mwenye anapiga inakurukia, zile seti kali zaidi za wasee wa mtaa wako hauzioni Nai. Unavuka boda. Unaziona Uganda, kando ya mto Nile, kwa fest inaitwa Nyege Nyege, saa kumi usiku, viatu zimekula matope hadi kwa kifundo. Hiyo kitu hunibamba na huniuma, zote mbili, na nimekua nikitaka kuiandika kitambo.

Ka hauna rada, story ni hii. Nyege Nyege ilianza 2015. Wenye waliianzisha ni chali wawili walitoka Ulaya wakajipanga Kampala, Arlen Dilsizian na Derek Debru, pamoja na mbogi mzito ya Waganda. Miaka za kwanza ilikua inafanyikia Njeru, ng'ambo ya mto ukitoka Jinja, kwa risoti moja ya kitambo yenye ilikua imeachwa ikaota nyasi. Corona ikakam ikafunga kila kitu, halafu 2022 fest ikarudi, this time Itanda, kwa maporomoko, na tangu hapo imekua ikihama hama. Ni siku nne. Kuna mastage kadhaa zimetawanyika kwa miti, na hakuna mtu huzima muziki ati juu ni usiku. Serikali ya huko imejaribu kuifunga zaidi ya mara moja. 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, alisema haitafanyika. 2022 bunge nayo ikasema isimame, Spika Anita Among akiwa mbele, hadi Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaiachilia na masharti. Mara zote mbili watu walidunda.

Kufika si ngori. Basi ya usiku kutoka tao, unadoze hadi Busia ama Malaba, unaonyesha ID yako ya Kenya tu, juu tangu 2014 hauhitaji pasi kuingia Uganda, unabadilisha ganji unajiskia umeomoka, soo moja ya Kenya inarudi ni elfu mbili na kitu. Hapo Jinja unaamka na rolex, chapo imefungiwa mayai na nyanya, moto kabisa. Basi. Mengine ya safari utajua ukifika. Mi nataka kubonga juu ya seti.

Naanza na wazee, juu hao ndio walinigeuza kichwa.

Nakibembe ni kijiji iko Busoga, upande huo huo wa Jinja. Kuna mbogi ya huko inaitwa Nakibembe Embaire Group. Embaire ni marimba, lakini toa kwa akili ile kamarimba ka kuchezea watalii kwa hoteli za Coast. Hii ni mbao nzito, ndefu, zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa, zimelazwa juu ya migogo ya mgomba, na chini yake kumechimbwa shimo. Hilo shimo ndio spika. Ukisimama karibu, kabla maskio ishike kitu, unaiskia kwa nyayo.

Wasee wanakaa pande mbili wakiangaliana, sita, saba, hadi nane, kila mtu na vijiti zake. Na hapa ndio akili ilinitoka. Hakuna mtu mmoja anapiga ngoma yote. Huyu anapiga noti mbili tatu, anaacha nafasi, yule wa ng'ambo anagonga kwa hiyo nafasi, wa tatu anaingilia katikati ya wote wawili. Ukiangalia mikono ya mtu mmoja pekee unaona kitu rahisi, ka mchezo wa mtoto. Ukifunga macho unaskia melodi ndefu inazunguka, na hiyo melodi hakuna mtu hata mmoja hapo anaipiga. Iko tu hewani, katikati yao.

Nilisimama nyuma ya mzee mmoja mwenye alikua kwa zile mbao za besi. Hakua anarusha mkono. Kiwiko kimetulia kwa mbavu, kazi yote iko kwa kifundo cha mkono, kijiti inashuka inarudi, inashuka inarudi, mahali pale pale, na hapo kwa mbao kumeingia kashimo kadogo kamelainika juu ya kugongwa sana. Hakuangalia chini. Alikua anaangalia mwenzake wa mbele, na huyo mwenzake akitingisha kichwa kidogo tu, wote wanageuza ngoma pamoja. Hakuna mtu alihesabu. Na mbele yao kulikua na mayut wamedunga miwani ya kung'aa na luku za neti, wengine walikua wametoka kwa steji ya tekno saa hiyo hiyo, na hawakubadilisha hata mguu. Waliendelea kudunda vile walikua wakidunda. Hapo ndio nilicheki ati ile muziki tunaita ya machine, yenye inarudia rudia hadi kichwa inapotea, wazee wa Busoga walikua nayo kitambo sana kabla ya stima. 2023 walitoa albamu yenye imebeba jina ya kundi. Isake. Lakini skiza na spika kubwa, si simu.

Sasa Dar.

Watu wa Kenya tunajua Bongo Fleva, tunajua zile ngoma za mapenzi za kuchezwa kwa harusi. Singeli wengi hatuijui, na hiyo ni hasara yetu. Singeli ilizaliwa uswahilini Dar, kwa vigodoro, zile sherehe za mtaani zenye mabomba ya spika inawekwa barabarani na jirani akilala ni shida yake. Maproducer walichukua vipande za taarab, wakazikata, wakazikimbiza. Ngoma ya kawaida ya klabu inaenda bit ka 120 kwa dakika. Singeli inaanzia 200 hivi na inaweza sukuma karibu 300. Moja ya studio zenye zilibeba hiyo sauti ni Sisso Records, iko Mburahati, na 2017 Nyege Nyege Tapes, ile lebo ya hao hao wasee wa fest, ilitoa mkusanyiko wa hapo studio, Sounds of Sisso, dunia ikashtuka.

Kuiskia kwa kaseti ama intaneti ni kitu moja. Kusimama mbele yake ni kitu ingine. Yule DJ ako na laptop tu, hakuna mashine ya bei, na anaichapa laptop yenyewe, vidole kwa kibodi zikigonga herufi moja mara kumi ndio sauti ikatike katike, tatatatata. Vitufe zimefutika zote. Halafu MC anaingia. Nimeona Makaveli, mwenye anaskika kwa Poaa, albamu ya Bamba Pana ya 2018, akishika maiki na kubonga Kiswahili cha Dar kwa hiyo spidi, kila silabi imesimama wima, hakuna moja imemezwa. Kando yangu kulikua na Mganda mmoja na manzi wa Berlin. Hao wawili hawakua wanashika hata neno. Mimi nilikua nashika nusu, na hiyo nusu ilinitosha nijiskie niko nyumbani kuliko vile nimewahi kujiskia kwa shoo yoyote. Mwili haijui ifanye nini na bit 250, kwa hivyo kila mtu anachagua yake. Wengine wanaruka. Wengine wanafuata kila bit ya pili na viuno, pole pole, ka wenye hawana haraka. Wadada wa Dar wenye walikua kwa steji walituonyesha ile ya pili, na baada ya dakika chache umati wote ulikua umejifunza.

Ka utapata nafasi ya kuona Sisso mwenyewe, yule wa studio, akipiga na Maiko, wacha kila kitu. Maiko anashika kinanda laivu juu ya hiyo spidi, na huyo msee ana furaha usoni yenye haiwezi igizwa.

Nihiloxica nitapita haraka, lakini siwezi waruka. Ni wapiga ngoma wa Kampala kutoka Nilotika Cultural Ensemble, wamesimama na ngoma za Buganda, pamoja na Waingereza wawili, mmoja kwa drum seti, mwingine kwa sinthi. Sauti yao ni nzito, giza tupu, ngoma za kifalme zikikanyagana na umeme. Vile huwa wanapiga, hakuna mtu mbele ya wengine, wote wamepangwa laini moja. 2023 walitoa albamu inaitwa Source of Denial, yote ni juu ya mfumo wa viza wa Uingereza na vile unaumiza wasanii wa huku. Hiyo hasira nimeiskia kwa steji na ilikua ya ukweli. Msee anaweza jaza ukumbi Ulaya, lakini karatasi ndio inaamua ka ataingia ama atabaki Entebbe na begi.

Na sasa tukam kwa wasee wetu, juu ndio sababu naandika hii kitu.

MC Yallah alizaliwa Kenya, akalelewa Uganda. Anarap kwa Luganda, Kijaluo, Kiswahili na Kizungu, na anaruka kutoka moja hadi ingine bila kupumua. Amekua kwa hii game kitambo, miaka mingi kabla dunia imcheki. 2019 alitoa Kubali, akiwa na producer Debmaster, na hapo milango ikafunguka. Kitu moja ya Yallah laivu ni vile hana papara. Bit inakam imechanika chanika, besi inapiga mahali haukutarajia, hata mtu wa kudema anachanganyikiwa, na yeye ametulia tu hapo katikati, mkono mmoja juu, anapanda hiyo bit vile anataka. Akiingia kwa Kijaluo, kuna kakona ka umati kanalipuka, na hapo ndio unajua Kisumu imekam. Akirudi kwa Kiswahili, sisi nasi. Akibonga Luganda, uwanja yote. Nimeona wasanii wengi wakubwa wakiambia umati upige kelele. Yallah hakua anaomba.

Slikback ni wa Nai kabisa. Ngoma zake za kwanza, Lasakaneku, zilitoka 2018 kwa Hakuna Kulala, lebo ndogo ya Nyege Nyege. Hana maneno, hana onyesho, anainamisha kichwa kwa mashine na vitu zinaanza kuvunjika. Nilimpenda juu alifanya niskie barabara ya Jogoo kwa hiyo kelele, matatu, wachomeleaji, jenereta, bila kuweka hata sauti moja ya hizo.

Halafu kuna Duma.

Ka haujui, Nai iko na watu wa metal. Ndio, hiyo metal, magita zimepotoka, msee anapiga nduru kutoka tumbo. Kwa miaka walikua wanafanya shoo ndogo ndogo kwa mabaa, wenyewe kwa wenyewe, wamedunga nyeusi, na mtaani watu wakiwaita waabudu shetani. Kutoka kwa hiyo scene wakatoka maboy wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, wakaungana wakaitwa Duma. Walirekodi kitu yao Kampala, kwa studio ya Nyege Nyege, na albamu ikatoka 2020 ikiwa na jina hiyo hiyo.

Vile Duma walikua kwa steji, kabla corona, sijaona kitu inakaribia. Karugu ako nyuma na gita na mashine, anatupa dramu zenye zinakimbia hadi zinageuka kua ukuta. Khanja mbele, kifua wazi, maiki ameizungushia waya kwa ngumi. Nduru ya kwanza ikatoka na watu wa safu ya mbele wakarudi hatua moja nyuma, wote, bila kupanga. Ya pili wakarudi mbele. Kuna manzi wa Kiganda hapo mbele alikua ameziba maskio na mikono zote mbili na bado alikua anacheka, anadunda, hataki kutoka. Khanja akaruka chini akaingia katikati ya umati, watu wakampa nafasi, halafu nafasi ikafungika, na kwa dakika kadhaa haungejua nani ni msanii na nani amelipa tiketi. Nilikua naangalia shingo yake. Mishipa imesimama, na kati ya nduru na nduru anavuta pumzi ndefu, polepole, na nidhamu ya mkimbiaji. Hapo niliacha kuskia kelele. Nikaanza kuskia kazi. Miaka ya mazoezi ya mtu mwenye alikua anaambiwa hiyo kitu yake si muziki.

Na walikua wawili tu. Wawili kutoka hapa hapa, mabonga yao ya Sheng kati ya ngoma, na mimi nilikua nimesafiri usiku mzima, nikavuka nchi, ndio nijue wako.

Khanja siku hizi anajiita Lord Spikeheart na ako na lebo yake, Haekalu. 2024 alitoa The Adept na akaiweka wakfu kwa shosh mkuu wa ukoo wao, Muthoni wa Kirima, yule field marshal wa Mau Mau mwenye alikaa msituni hadi uhuru ikakam, akafuga dredi zake hadi 2022, na akaaga 2023. Huyo ni shosh ya mamake ama babake, kizazi cha tatu nyuma. Sasa rudi uskize hiyo nduru tena ukijua inatoka kwa nyumba gani. Kuna vitu hiyo familia ilikua na haki ya kupigia nduru.

Nimejaribu kuelewa mbona hawa watu walipata steji Jinja na si hapa. Nai si ati haina fest. Muthoni Drummer Queen alianzisha Blankets & Wine 2008, na hiyo kitu imelea wasanii wengi, nampea heshima yake yote. Shida naona ni mbili. Ya kwanza ni masaa. Fest nyingi za Nai zinaisha mapema, majirani wanalalamika, laisensi inasema hivi, karao wanakam. Muziki ka ya Duma ama Slikback inahitaji giza na inahitaji watu wenye wameacha kuangalia saa. Ya pili ni woga. Promota anaweka pesa kwa ile ngoma redio imeshapiga, redio inapiga ile ngoma promota ameshaweka, na wanazungushana hivyo mwaka mzima. Kwa Nyege Nyege waliamua kitu tofauti kutoka mwanzo: walijenga studio, wakajenga lebo, wakapea wasanii nyumba ya kukaa na kutengeneza muziki kwa wiki kadhaa, halafu wakawapandisha steji. Fest ni ile siku ya mwisho ya kazi ya mwaka mzima. Ndio maana seti zao zinakam zimeiva.

Na si ati tunakosa watu wa kufanya hivyo. Santuri wako hapa Nai, wanafunza mayut, manzi na chali, kutengeneza ngoma na kudijei. Coco Em ametoka hapa na anapiga hadi majuu. Vyombo viko, watu wako, mayut wa Kayole na Dandora wanatengeneza bit kwa laptop zimevunjika skrini sai hivi nikiandika.

Kwa hivyo promota yeyote wa Kanairo mwenye anasoma hii, ombi yangu ni ndogo na iko wazi. Usitupee Yallah saa nane mchana watu wakitafuta parking. Mpee saa sita usiku, steji kubwa, sistem yote. Lete Sisso na Maiko kutoka Dar, ni lisaa limoja na nusu kwa ndege. Wachimbie wazee wa Nakibembe shimo yao Uhuru Gardens, wataleta mbao wenyewe. Na Spikeheart akipanda, zima mataa zote za VIP ndio kila mtu akam mbele. Tiketi nitanunua mapema, na mbogi yangu yote.